Familia nzima inapanda meli, mama anasubiri viza

Katika nyumba kadhaa za Usa River, Njiro na Ilboru, droo moja ya kabati huhifadhi pasipoti za nchi mbili. Baba ni Mjerumani au Mholanzi aliyekuja Arusha kikazi, akaoa Mmeru au Mchaga, akabaki. Watoto hawajafikisha miaka 18, kwa hiyo sheria ya Tanzania inawaruhusu kuwa na uraia wa pande zote mbili. Siku babu na bibi wa Ulaya wanapoamua kuadhimisha miaka 50 ya ndoa yao ndani ya meli ya kitalii kwenye Bahari ya Mediterania, baba na watoto wanatoa pasipoti zao na safari imekwisha kupangwa. Mama peke yake ndiye anayehitaji viza.

Na meli haina subira. Ukikosa ndege ya leo utapanda ya kesho. Meli ikishaondoka Barcelona imeondoka, na abiria asiye na viza huzuiwa bandarini. Kwa masharti ya kampuni nyingi, fedha zake hazirudi.

Wengi hukimbilia kuuliza benki inatakiwa kuwa na shilingi ngapi. Kwa wanandoa wa namna hii swali la kwanza ni jingine: cheti cha ndoa kiko wapi?

Umoja wa Ulaya una sheria ya mwaka 2004 inayompa mke au mume wa raia wake nafasi tofauti na mtalii wa kawaida. Mtanzania aliyeolewa na Mjerumani, akisafiri pamoja naye kwenda nchi nyingine ya Umoja huo, hupewa viza bila ada, maombi yake hushughulikiwa kwa haraka, na hatakiwi kuonyesha fedha za matumizi wala mahali pa kulala. Kikubwa anachopaswa kuthibitisha ni kwamba mume ni raia wa Umoja wa Ulaya, kwamba ndoa ipo, na kwamba wanasafiri pamoja. Ana haki pia ya kupeleka maombi moja kwa moja ubalozini badala ya kupitia kituo cha wakala.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Nafuu hiyo kwa kawaida haihusu safari ya kwenda nchi ya mume mwenyewe. Meli ikianzia Barcelona na kupita Marseille na Genoa, mke wa Mjerumani anafaidika. Lakini familia ikikaa kwanza siku kumi kwa babu na bibi Stuttgart, kisha ikapanda meli kwa siku saba, nchi kuu ya safari inakuwa Ujerumani. Maombi yanapelekwa ubalozi wa Ujerumani, na mama kwa kawaida anarudi kwenye foleni ya wote: euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki na mengine yote. Kwa hiyo ratiba ipangwe ikiwa mezani pamoja na sheria, kabla wakwe hawajanunua tiketi kwa furaha.

Kanuni ya ubalozi ni hiyo hiyo kwa kila mwombaji. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Kubadilisha ndege Amsterdam baada ya kutoka KIA hakuifanyi Uholanzi kuwa nchi kuu ya safari, na pasipoti ya mume haiamui ubalozi.

Walioolewa na Waingereza wako nje ya nafuu hii. Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na tangu mwisho wa mwaka huo mke wa Mwingereza anahesabiwa kama mwombaji wa kawaida. Wachumba nao wajiandae hivyo hivyo, hata kama wameishi pamoja Sakina miaka minane na mtaa mzima unawaita baba na mama fulani.

Turudi kwenye cheti, maana ndicho kinachochelewesha watu. Ndoa nyingi za kuzunguka Mlima Meru zilifungwa kimila: wazee walikutana, mahari ikatolewa, pombe ikanywewa, bibi harusi akaenda kwake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa hiyo, lakini inawataka wanandoa waisajili ndani ya siku 30, na wengi hawakufanya hivyo. Kutosajili hakuivunji ndoa. Shida ni kwamba ofisa wa viza hawezi kuwahoji wazee wa ukoo. Anataka karatasi.

Wanandoa wasio na cheti waanzie RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kuuliza usajili wa ndoa iliyochelewa. Wengine huamua kufunga ndoa ya bomani kwa Mkuu wa Wilaya, ambayo hutanguliwa na tangazo la siku 21. Wenye cheti cha kanisani au cha msikitini nao wahakikishe mapema kwamba ndoa yao imo kwenye kumbukumbu za serikali. Kisha waweke cheti na pasipoti kando kwa kando na kusoma majina herufi kwa herufi. Jina la ubatizo likiwa huku na la nyumbani kule, wakili ataandaa hati ya kiapo, kazi ambayo haifai kufanywa wiki ya mwisho. Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili pekee kitahitaji tafsiri.

Kwa wanaoomba kwa njia ya kawaida, mume na mke Watanzania wakiwemo, jambo linalopimwa zaidi ni kama watarudi. Barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, leseni ya biashara, hati ya kiwanja na watoto walioko shuleni husema zaidi kuliko milioni kumi zilizoingia kwenye akaunti juzi kutoka kwa shemeji. Wapo wanaume wanaoamini kwamba barua yao ya udhamini, ikiandikwa vizuri, itamaliza kila kitu. Haimalizi.

Ratiba ya meli nayo isomwe bandari kwa bandari. Viza moja ya Schengen inafungua nchi 29, lakini meli hazifuati mipaka hiyo. Dubrovnik iko ndani, kwa kuwa Croatia ilijiunga Januari 2023. Kotor, bandari inayofuata kwa meli nyingi, iko Montenegro na iko nje. Kusadasi ya Uturuki iko nje, Tunis iko nje. Mwenye viza ya kuingia mara moja akifika huko ameshatoka, na kurudi ndani kunahitaji ruhusa nyingine. Kwenye fomu aombe kuingia mara nyingi na aambatanishe ratiba nzima ya meli. Halafu aangalie masharti ya viza ya nchi hizo zilizo nje, hata kama hana mpango wa kushuka.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila unaweza kufika siku 45. Meli ya Mei 20 inaruhusu kuomba tangu Novemba 20, na familia za kazi za utalii zinazosafiri wakati wa masika zinafanya vyema kuanza hapo, kwa sababu miadi hujaa kadiri kiangazi cha Ulaya kinavyokaribia. Mwombaji anakwenda Dar es Salaam mwenyewe kutoa alama za vidole, siku nzima kwa basi kupitia Moshi, Segera na Chalinze. Alama hizo huweza kutumika tena ndani ya miezi 59, hivyo aliyewahi kuzitoa aulize kama zinatosha. Pasipoti hubaki ubalozini. Anayepita Namanga kila wiki kufuata mzigo Nairobi apange biashara yake kwa kuzingatia hilo.

Tiketi zisizorudishiwa fedha zisubiri viza, kwa sababu ubalozi huridhika na uthibitisho wa nafasi iliyoshikwa. Maombi yakikataliwa, barua huonyesha sababu na jinsi ya kukata rufaa, lakini ada hairudi.

Siku ya safari, cheti halisi cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto visiwekwe kwenye mabegi makubwa. Mama abaki navyo kwenye mkoba wa mkononi, hasa ikiwa jina lake la ukoo halifanani na la watoto, maana ofisa wa mpakani ana haki ya kuuliza upya yote yaliyoulizwa Dar es Salaam.