Karata, bumu na dumu la asali: hesabu za mtaji mdogo wa mwanafunzi Katavi

Biashara ya kuuza mazao ya Katavi kwa njia ya simu ni miongoni mwa chache ambazo mwanafunzi anaweza kuzianza akiwa na shilingi laki mbili au tatu. Mchele wa Mpimbwe, asali ya Inyonga, karanga, dagaa na migebuka ya Karema na Ikola ni bidhaa zenye wanunuzi katika miji mikubwa, na anayeziuza halazimiki kuwa na fremu Mpanda mjini wala kizimba sokoni. Picha inawekwa WhatsApp au Instagram, mteja anatuma fedha kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi. Ugumu haupo hapo. Ugumu upo kwenye fedha inayolala katika simu kati ya siku mteja alipolipa na siku mzigo ulipomfikia, na unazidi pale mwenye simu hiyo anapokuwa pia mcheza karata.

Karata inayozungumzwa ni poka. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, nyingine tano hufunuliwa mezani, na fedha zinazowekwa katikati huchukuliwa na mwenye mkono bora au yule aliyewatisha wenzake wote wakaacha. Mchezo huu hautofautiani na mkeka wa mpira kwa jina tu. Mwenye mkeka anashindana na kampuni iliyokwisha kupanga bei. Katika poka wachezaji wanakulana wenyewe kwa wenyewe, na mwenye meza anakata ushuru. Kwa sababu hiyo wapo wanaofaulu kwa muda mrefu kwa ujuzi, na hao ndio wanaotajwa na kila kijana anayefungua akaunti kwa mara ya kwanza.

Anayetajwa kuliko wote ni Chris Moneymaker, mhasibu wa Kimarekani aliyelipa dola 86 kwenye mashindano ya intaneti, akapata nafasi ya kuingia mashindano ya dunia ya mwaka 2003 huko Las Vegas na kutoka na dola milioni 2.5. Walioingia mwaka huo walikuwa 839. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2006, waliingia 8,773. Habari ya mshindi ilisafiri dunia nzima; ya wale 838 wengine, ambao wengi wao walirudi mikono mitupu, haikusafiri hata kilomita moja.

Hapa nchini michezo ya aina hii iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Asiyefikisha miaka 18 haruhusiwi kucheza, na kuendesha mchezo wa fedha bila leseni ni kosa. Kwa mwanafunzi, uzito wa jambo hili ni kwamba anayecheza kwenye tovuti ya nje isiyo na leseni ya Tanzania hana pa kupeleka malalamiko siku fedha zitakapokwama.

Sasa tuje kwenye ushuru wa meza, ambao wachezaji wengi wapya hawauhesabu. Tuchukue mfano wa vijana sita, kila mmoja ameweka sh. 20,000, jumla sh. 120,000. Kila mzunguko unakusanya wastani wa sh. 4,000 na mwenye meza anakata asilimia 5, yaani sh. 200. Mizunguko 30 kwa saa ni sh. 6,000. Baada ya saa tano sh. 30,000 zimekwisha kuondoka, robo nzima ya fedha iliyokuwa mezani, bila kujali nani ni hodari na nani ni mbumbumbu. Kwenye intaneti mizunguko ni mingi zaidi kwa saa, na anayefungua meza mbili kwa wakati mmoja anaizidisha tena. Ili kubaki pale pale alipoanza, mchezaji hana budi awe hodari kuliko wenzake kwa kiasi cha kufidia ushuru huo kwanza.

Wawekezaji wadogo wengine husema hata hisa ni kamari. Kauli hiyo ni ya kupotosha. Kampuni ya kwanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, TOL, ilianza kuuzwa Aprili 1998, na aliyenunua alinunua sehemu ya kiwanda kinachotengeneza gesi na kuiuza. Wenye hisa wote wanaweza kupata kwa pamoja endapo kiwanda kinapata. Mezani hakuna kiwanda. Fedha ni zile zile walizokuja nazo watu, zikipungua kila saa.

Hata hivyo, mcheza karata makini ana jambo moja ambalo wafanyabiashara wengi wa Mpanda hawana, nalo ni adabu ya kugawa mtaji. Kanuni ya kawaida ya wachezaji wa meza za fedha ni kuwa na angalau viingilio 20 kabla ya kukaa, maana yake kutoweka zaidi ya asilimia 5 ya mtaji katika meza moja. Wa mashindano, ambako bahati inayumba zaidi, hushauriwa kuwa na viingilio 100. Msingi wa kanuni hii si woga. Mwaka 1956 John Kelly, mtafiti wa maabara za kampuni ya simu ya Bell nchini Marekani, alionyesha kihesabu kwamba hata mwenye nafasi nzuri ya kushinda anaweza kufilisika kwa kuweka fungu kubwa mno kila mara.

Mfano wake ni rahisi. Mtu ana sh. 100,000 na anashinda mara 11 katika kila michezo 20, ambayo ni nafasi nzuri sana. Akiweka nusu ya alichonacho kila mara, kushinda mara moja na kushindwa mara moja kunamtoa 100,000 hadi 150,000, kisha kunamshusha hadi 75,000. Baada ya michezo 20, pamoja na kushinda mara nyingi kuliko kushindwa, anabaki na takriban sh. 16,900. Mwenzake mwenye nafasi ile ile akiweka sehemu ya kumi tu kila mara, anamaliza na sh. 110,500. Ujuzi ni ule ule, bahati ni ile ile. Kilichowatofautisha ni ukubwa wa fungu.

Mlanguzi wa mpunga anayebeba mtaji wake wote kwenye lori moja yuko katika hesabu ya mtu wa kwanza, ingawa hajawahi kushika karata. Lakini hapa pana tofauti ambayo vijana wanaotoka kwenye poka huikosea kwa upande wa pili: mzigo haufi wote kama fedha ya mezani. Bei ya mchele ikianguka, gunia bado lipo na linaweza kusubiri miezi. Asali iliyofungwa vizuri husubiri zaidi. Dagaa ndio hawasubiri, unyevu ukiingia mzigo umekwisha. Kwa hiyo anayeuza asali anaweza kuweka theluthi ya mtaji wake kwa mzigo mmoja bila wazimu wowote, wakati wa dagaa angefaa kukaa karibu na kanuni ya mcheza karata.

Tuangalie dumu moja la asali. Bei zinazofuata ni za mfano, na msomaji aweke za soko la wiki yake. Dumu la lita 20 limenunuliwa sh. 160,000. Chupa tupu 40 za nusu lita pamoja na lebo, kwa sh. 700 kila moja, ni sh. 28,000. Basi sh. 15,000, ada za kutoa fedha sh. 6,000. Jumla ni sh. 209,000. Chupa mbili zimevuja njiani, 38 zimeuzwa kwa sh. 7,500, zimeingia sh. 285,000. Faida ni sh. 76,000, sawa na asilimia 36 ya fedha iliyotoka, kama kazi ya mikono yake mwenyewe haikuhesabiwa.

Wengi wanapoteza faida hiyo kwenye kipimo. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, hivyo dumu la lita 20 lina kilo 28 hivi. Chupa ya nusu lita inabeba karibu gramu 700. Anayeandika "nusu kilo" kwenye chupa hiyo na kuiuza kwa bei ya nusu kilo amegawa gramu 200 bure katika kila chupa, na katika chupa 40 ni kilo 8. Dumu lile lile lingejaza chupa 56 za nusu kilo kamili. Hakuna mchezaji wa poka anayeacha zaidi ya robo ya fedha zake mezani na kuondoka akiimba, lakini wauza asali hufanya hivyo kila wiki.

Turudi kwenye fedha ya mteja. Wateja 20 wamelipa mapema sh. 7,500 kila mmoja, na simu inasoma salio la sh. 150,000. Fedha hiyo si mtaji wala si faida. Ni deni la chupa 20. Usiku, meza iko wazi kwenye simu hiyo hiyo, na kuihamisha kunahitaji namba ya siri tu. Akipoteza sh. 60,000, anategemea wateja wa wiki ijayo walipie mzigo wa wateja wa wiki hii. Kuanzia hapo biashara imegeuka upatu, na Watanzania waliowahi kuwa na fedha zao DECI ilipofungwa mwaka 2009 wanajua jinsi mnyororo wa aina hiyo unavyokatika.

Ajabu ni kwamba kampuni kubwa za poka zenyewe zilianguka kwa kosa hilo. Aprili 15, 2011 wizara ya sheria ya Marekani ilizifungia tovuti za PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker. Ilipochunguzwa Full Tilt, ilionekana kwamba hadi mwisho wa Machi mwaka huo ilikuwa inadaiwa na wachezaji wa dunia nzima takriban dola milioni 390, wakati benki ilikuwa na dola milioni 60 tu. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka, katika miaka minne wamiliki wake walikuwa wamegawiwa zaidi ya dola milioni 440. PokerStars, ambayo ilikuwa imetenganisha fedha za wateja na za kampuni, iliwalipa wachezaji wake wa Marekani katika majuma machache. Wa Full Tilt walio nje ya Marekani walisubiri hadi Novemba 2012, na Wamarekani walianza kulipwa mwaka 2014, baada ya PokerStars kuinunua katika makubaliano ya dola milioni 731. Mchezo ulikuwa mmoja na serikali iliyowafungia ilikuwa moja. Mmoja alikuwa na sanduku mbili, mwingine moja.

Kwa mwanafunzi, sanduku mbili hazihitaji mhasibu. Fedha za wateja ziingie kwenye lipa namba ya biashara au laini ya pili isiyounganishwa na akaunti yoyote ya michezo, na zisitoke humo mpaka tiketi ya mzigo ya basi imekatwa. Daftari la kurasa mbili linatosha: upande mmoja waliolipa, upande wa pili waliopokea. Anayeona kufanya hivyo ni usumbufu na bado anacheza, basi asichukue fedha mapema. Auze mzigo ukiwa umefika kwa ndugu au wakala anayemwamini, hata kama wateja watapungua.

Halafu kuna bumu. Posho ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo imepanda kutoka sh. 8,500 hadi sh. 10,000 kwa siku, na kwa kuwa inalipwa kwa mkupuo, siku 60 ni sh. 600,000. Siku inapoingia, mwanafunzi anajiona tajiri, ambapo ukweli ni kwamba ameshikilia chakula cha miezi miwili. Anayeweza kuishi kwa sh. 6,000 kwa siku anaokoa sh. 240,000, na hiyo ndiyo fedha pekee katika bumu inayostahili kuitwa mtaji. Ukitumia theluthi, ni sh. 80,000, nusu ya dumu la asali katika mfano wa juu. Ni mwanzo mdogo unaochosha, na ndio maana meza ya karata, inayoahidi kuugeuza usiku mmoja, inaonekana tamu. Kwa kanuni ya mcheza karata mwenyewe, mwenye sh. 240,000 asingekaa kwenye meza yenye kiingilio kinachozidi sh. 12,000.

Anayeamua kuanza na asali msimu huu azingatie pia gharama ambazo hazimo katika mfano. Namba ya mlipakodi ya TRA haina ada. Chakula kinachofungashwa na kuuzwa kwa lebo kinahitaji kufuata taratibu za TBS, na wanunuzi wa maduka makubwa huuliza nembo yake kabla hawajauliza bei. Kwa mchezaji, kodi ya ushindi hukatwa na kampuni kabla hajalipwa, na viwango vyake vimebadilishwa mara kadhaa na bajeti tangu mwaka 2017, hivyo ni vyema kuvisoma upya kila Julai. Kwa upande wa mchele, wanaonunua Mpimbwe wasikubali lumbesa: gunia lisizidi kilo 100, na mizani iwepo kabla fedha haijatumwa.