Dawa ya pombe haitiwi mu mboga kwa siri

Leo tuache kidogo habari ya kutafuta kazi. Nataka kuelezea kitu ambacho jamaa yangu ilikaribia kukifanya vibaya, na naamini si sisi peke yetu.

Yaya yangu mmoja, mtoto wa baba mukubwa, alirudi Mwadingusha akitoka gerezani. Hakumaliza kifungo: aliachiliwa kwa masharti. Sheria yetu ya adhabu inaruhusu mfungwa kutoka mbele ya muda kama amekwisha kufanya robo ya kifungo chake, na kama amekaa ndani zaidi ya miezi 3. Lakini akivunja masharti, au akiwa na mwenendo mbaya, anarudishwa. Yaya alifungwa juu ya kupiga mutu, siku ambayo alikuwa amekunywa lutuku tangu asubuhi. Kwa hiyo nyumbani bote tulijua: lutuku ikirudi, gereza inafuata nyuma.

Wiki ya tatu akaanza kunuka pombe. Hapa kwetu kuikimbia si rahisi. Wavuvi wanatoka ziwani Tshangalele na baridi ya asubuhi, kikombe cha lutuku kinawangoja. Jamaa ikakutana. Tantine akafika kutoka Likasi na vidonge ndani ya karatasi. Akasema: "Hii ni dawa ya kukataza pombe. Tumutilie mu mboga, hatajua."

Bote wakaniangalia miye, juu ni miye niliyesoma. Kusema ukweli, sikujua kitu. Nikaomba siku mbili, nikaenda Likasi kumuuliza munganga. Alichonielezea, pamoja na nilichosoma nyuma ya pale, ni hiki.

Dawa zinazosaidia mutu asirudie pombe ni hasa tatu, na kila moja ina njia yake.

Ya kwanza ni disulfiramu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Antabuse. Ndiyo ilikuwa mu karatasi ya tantine. Pombe ikiingia mwilini inageuzwa kwanza kuwa sumu moja, kisha mwili unaivunja haraka. Disulfiramu inazuia ule uvunjaji. Mutu akinywa, sumu inajaa: uso unawaka, moyo unakimbia, anatapika, presha inashuka. Dawa hii haiondoi hamu. Inamulinda mutu kwa sababu anajua kitakachomupata.

Ya pili ni naltreksoni. Hii haimugonjeshi mutu akinywa. Inapunguza ile raha ambayo pombe inaleta kichwani, na hamu inashuka pole pole. Kuna kidonge cha kila siku, na kuna sindano ya mara moja kwa mwezi. Lakini anayetumia tramadol, kodeini au mofini asiiguse bila munganga, na ini lazima lipimwe.

Ya tatu ni akamprosati. Inasaidia ubongo kutulia kwa mutu aliyekwisha kuacha. Inamezwa mara tatu kwa siku, na figo zinatakiwa ziwe nzima. Mwaka 2023, OMS iliingiza naltreksoni na akamprosati katika orodha yake ya dawa za lazima. Ni kusema, dunia imekubali kwamba hii ni matibabu kama ya ugonjwa mwingine wowote.

Sasa turudi kwa mboga ya tantine. Mutu asiyejua kwamba amemeza disulfiramu atakunywa kama kawaida. Kama moyo wake au ini lake ni gonjwa, anaweza kufa palepale. Na hata ukiacha kumupa, dawa inaweza kubaki na nguvu mwilini mpaka wiki mbili. Tena, kumbuka inavyofanya kazi: inamulinda anayejua. Ukimuficha, umeondoa dawa na umebakisha sumu.

Kuna hatari ingine. Aliyekunywa sana kwa miaka, akikatishwa kwa gafula, anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa. Dawa hizi tatu hazitibu ile. Munganga aanze kwanza hapo.

Basi je, mutu aliye chini ya mahakama alazimishwe? Hapa mfano wa Uingereza ulinifungua macho. Mwaka 1983, Colin Brewer na mwenzake Smith waliandika katika British Medical Journal juu ya walevi 16 ambao mahakama zilikuwa zimewachoka. Walikubali kumeza disulfiramu mbele ya mutu anayewaangalia, kama sharti la kubaki nje. Kwa wastani walikaa bila pombe wiki 30, wakati mbeleni walikuwa wakifika wiki 6 tu. Ni watu kidogo, hatuwezi kujenga sheria ya inchi juu yao. Lakini ona kilichowasaidia: walijua, walikubali, na kulikuwa mutu wa kuwaona wakimeza. Mahakama inaweza kumuwekea mutu uchaguzi mbele. Kumeza ni yeye, na kusema kama dawa inamufaa ni munganga.

Niliporudi nilimuita yaya, tukakaa peke yetu. Nikamuambia yote, hata mupango wa mboga. Alikasirika, akanyamaza muda murefu. Kisha akauliza: "Na mulifikiri nikikufa, mutasema nini kwa batoto?" Sikuwa na jibu.

Kesho yake ni yeye aliyesema twende Likasi. Munganga alimupima ini na moyo, akamuweka siku kazaa bila pombe chini ya macho yake, ndipo akamuandikia disulfiramu. Yaya anameza kila asubuhi mbele ya bibi yake, na bibi anaandika alama mu kaye. Mwezi wa pili aliruka siku nne, nusu aende kunywa. Bibi aliona kaye haina alama, akamuuliza bila kupiga kelele, wakaanza tena. Hatujui mwisho wake. Karatasi ya masharti bado iko mu sanduku.

Weye unayesoma hapa, siku moja jamaa itakuangalia sawa vile waliniangalia miye. Usiseme ndiyo juu ya kutaka kuonekana unajua. Omba siku mbili, uliza munganga, kisha umuambie mgonjwa mwenyewe.