Kuwaka si Kuamka: Kutatua Matatizo ya Kusakinisha Ngome ya Mtandao katika Tarakilishi Ndogo

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo, kwa mtazamo wa haraka, halina uhusiano wowote na fasihi. Muhula uliopita, rekodi za ngano na mahojiano ambazo wanachama wetu walikuwa wamezikusanya nyanjani kwa miaka mitatu zilitoweka katika tarakilishi ya chumba cha kusomea. Folda iliyozihifadhi ilikuwa wazi kwa kila aliyejiunga na mtandao uo huo, zikiwemo tarakilishi za mabweni ya jirani. Baadhi tulizipata katika simu za watafiti. Nyingine hazikuwa na nakala, na mmoja wa wazee waliohojiwa ameshafariki. Chama kikaazimia kununua, kwa mchango wa wanachama, tarakilishi ndogo itakayokaa mlangoni mwa mtandao wa chumba kile na kuwekewa programu ya ngome. Kazi hiyo nikatwikwa mimi, pengine kwa sababu sikukataa upesi.

Ngome, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni programu inayokagua kila kinachoingia na kutoka mtandaoni, na kukiruhusu au kukizuia kwa mujibu wa kanuni zilizowekwa. Wapo wanaopendelea kuiita ukuta wa moto. Tafsiri sisisi ya namna hiyo humfanya msomaji atafute moto mahali pasipo na moto, ilhali anayeijua Mombasa hahitaji kuelezwa kazi ya ngome. Tuliyoichagua ni pfSense, iliyoanzishwa mwaka 2004 kutokana na mradi wa m0n0wall. Imejengwa juu ya mfumo wa FreeBSD, na toleo lake la jumuiya halilipiwi.

Kiswahili kinatupa vitenzi viwili vinavyofaa sana hapa: kuwaka na kuamka. Taa ya kisanduku huweza kuwaka bila kisanduku chenyewe kuamka. Umeme unapofika, bayosi, yaani programu ndogo iliyomo katika bodi yenyewe, hukagua kumbukumbu na kutafuta diski. Ikiipata, huita programu ya kupakia. Hiyo nayo huleta kiini cha mfumo. Kiini hutambua vifaa, hushika diski na kuziita huduma nyinginezo. Ni mbio za kupokezana kijiti. Kijiti kikianguka, swali la kwanza ni kama kilianguka mikononi mwa nani.

Kisanduku cha kwanza kilikuwa na bodi ya ALIX, iliyoundwa na kampuni ya PC Engines ya Uswisi. Taa zikawaka, kisha kimya. Fundi mmoja akatushauri tukitupe. Hata hivyo, kosa lilikuwa langu: kichakataji cha bodi hiyo ni cha biti 32, nami nilikuwa nimechukua toleo jipya la pfSense. Tangu toleo la 2.4 la mwaka 2017, mradi huo hauhudumii tena vichakataji vya biti 32 vya aina hiyo. Toleo la zamani lingeamka, lakini halizibwi nyufa tena, na ngome yenye nyufa haikuwa shabaha yetu. Tuliongeza pesa, tukabadilishana na kisanduku chenye bodi ya APU2, ambayo ni ya biti 64.

Bodi hizi hazina mahali pa kuchomeka skrini. Husema kupitia waya wa siriali, na anayesikiliza sharti alinganishe kasi yake na ya msemaji. Bayosi ya ALIX husema kwa kasi ya biti 38400 kwa sekunde. Ya APU2, 115200. Nilisahau kubadilisha kasi katika tarakilishi yangu ya kupakata, nikakesha nikitazama herufi zisizosomeka huku nikiamini kwamba na hiki nacho kimeharibika. Aidha, pfSense ilikuwa ikitolewa katika faili mbili za flashi, moja ya skrini na nyingine ya siriali. Nilitumia ya skrini. Maneno ya bayosi yakaonekana vizuri, kisha kiini kikaanza kuisemesha skrini isiyokuwepo. (Faili hiyo, kwa hakika, hainakiliwi ndani ya flashi kama tunavyonakili tasnifu, huandikwa kwa programu maalumu, nayo hufuta kila kilichomo.)

Tatizo la tatu ndilo lililonifunza zaidi. Maneno yalitiririka, kisha yakasimama kwenye alama ya mountroot> baada ya taarifa ya hitilafu nambari 19. Je, kiini kinakosaje flashi ileile kilikotoka? Jibu ni kwamba aliyeisoma mwanzoni ni bayosi, kwa njia zake. Kiini kinapoamka hakirithi njia hizo. Hulazimika kuigundua flashi upya, na kama flashi ni nzito kuitika, kiini huitafuta kabla haijajitokeza. Nilipoandika alama ya kuuliza, nikapata orodha ya diski zilizotambuliwa, na flashi yangu haimo. Nikawasha upya, nikatoka katika menyu ya programu ya kupakia, nikaandika set kern.cam.boot_delay=10000, kisha boot. Tarakimu hizo ni milisekunde: kiini kiliambiwa kisubiri sekunde 10. Kikasubiri, kikaipata. Ambaye mfumo wake utaendelea kuishi ndani ya flashi hana budi kuuhifadhi mstari huo, bila neno set, katika faili ya /boot/loader.conf.local. Sisi tulisakinisha katika diski ya ndani, hivyo haukuhitajika tena.

Usakinishaji ulikwisha kwa dakika chache, kisanduku kikajiwasha upya, na tazama, usakinishaji ukaanza tena tangu mwanzo! Nilikuwa sijaichomoa flashi.

Sasa folda ya rekodi haionekani kutoka mabwenini, na nakala yake ya pili imo katika diski iliyofungiwa kabatini, kwa maana ngome haimzuii anayefuta akiwa ndani. Waya wa siriali tumeufunga kwa utepe ubavuni mwa kisanduku, na juu ya utepe huo mweka hazina ameandika kwa kalamu nene: 115200.