Plagi Imeingia, Lakini Je, Kipimo ni Sahihi?

Mtoto anapumua kwa shida. Mamake amemfikisha kwenye zahanati huko Chewele, Tana River. Muuguzi anambana kidoleni kifaa cha kupimia oksijeni katika damu. Nambari itakayotokea ndiyo itakayosaidia kuamua kama atarudi nyumbani au atapelekwa Hola, iliko hospitali ya rufaa ya kaunti. Je, nambari hiyo ikiwa ya uongo?

Mashine hii, oksimita, ilitokana na wazo la Takuo Aoyagi wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kibanio hupitisha kidoleni miale miwili: mwekundu, na mwingine usioonekana kwa macho. Mashine hulinganisha jinsi damu inavyoifyonza, kisha hutoa asilimia. Mtu mwenye afya aghalabu huwa na 95 hadi 100. Mtoto mwenye nimonia akiwa chini ya 90, Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu hali yake kuwa mbaya, inayohitaji oksijeni hospitalini.

Tatizo liko wapi?

Mashine hudumu miaka mingi, lakini vibanio huchakaa upesi. Kinaponunuliwa kingine, au adapta ya kukiunganisha na mashine ya zamani, wengi hutazama plagi tu. Kumbe plagi ileile ya pini tisa hutumiwa na watengenezaji mbalimbali, na nyaya za ndani hazikupangwa namna moja. Isitoshe, vibanio vingi vina rezista au chipu ya kuiarifu mashine ni taa za aina gani zilizomo. Mashine ya zamani isipoielewa, huenda ikakataa kufanya kazi. Heri hiyo iliyokataa. Ya kuogopwa ni ile inayokubali na kukosea.

Tufanye nini?

Anayenunua ahakikishe kwamba mtengenezaji ameidhinisha kibanio hicho kwa modeli ya mashine iliyopo. Kisha kijaribiwe kwa mtu mwenye afya. Kikionyesha 85, kiwekwe kando. Hata kikionyesha 98, hilo pekee halithibitishi kwamba kitampima sawasawa mgonjwa aliyepungukiwa na oksijeni.

Nawe mzazi, usiitegemee nambari peke yake. Mtoto akishindwa kunyonya, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, apelekwe hospitali mara moja, hata mashine ikisema ni mzima.