Tuzo ya Mlezi wa Kambi Kisangani

Mjini Kisangani, shule zinapofungwa Julai na Agosti, vijana wa skauti na wa Kizito-Anuarite, chama cha watoto Wakatoliki chenye majina ya Kizito, shahidi wa Uganda aliyeuawa 1886, na Anuarite, mtawa aliyeuawa Isiro 1964, huweza kuwa walezi wa kambi, yaani wasimamizi wanaokula, kulala na kucheza na watoto waliokabidhiwa. Kazi hii, ambayo kwa kawaida ni ya kujitolea, humfundisha kijana kugawa chakula kwa haki na kusuluhisha ugomvi, lakini tuzo kubwa zaidi, bila shaka, ni kuaminiwa na mtoto aliyeingia kambini akimlilia mama yake. Maparokia yawafundishe walezi hao huduma ya kwanza, hasa kambi inapokuwa karibu na mto Kongo.