KUFUFUA GARI KUUKUU NYUMBANI: HASARA NA FAIDA ZAKE

Aghalabu tukipita karibu na gari kuukuu lililotelekezwa uani mwa mtu, jambo la kwanza kutujia akilini ni mizani ya chuma chakavu. Ni kweli, chuma huuzwa kwa kilo na pesa hupatikana siku hiyo hiyo. Hata hivyo, wapo wanaoamua kulifufua gari hilo. Katika makala haya ninakusudia kueleza yanayompata mtu wa aina hiyo, maana nyumbani kwetu Machakos kazi hiyo tumeifanya kwa miaka mitatu.

Gari letu ni Volkswagen Beetle 1300 la mwaka 1968, aliloliacha marehemu babu. Lilikaa chini ya mwembe miaka 14, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Mama alitaka liuzwe, nami simlaumu, kwa sababu wakati huo kakangu alikuwa amerudishwa kutoka chuoni kwa kukosa karo. Baba naye alikataa katakata. Mama alikuwa akisema, "Baba watoto, karo ya mtoto italiwa na mabati." Kwa hivyo fahamuni kwamba kazi hii huanza na mvutano wa nyumbani kabla ya spana kushikwa.

Beetle si gari geni katika nchi yetu. Mbio za Safari zilianzishwa mwaka 1953, na gari hili lilizishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, likipita matope ambayo yaliyakwamisha magari makubwa. Kiwanda cha mwisho kulitengeneza kilikuwa Puebla, Mexico, nacho kilikoma mwaka 2003, baada ya zaidi ya magari milioni 21 kuundwa duniani.

Isitoshe, umbo lake linamfaa fundi wa nyumbani. Injini iko nyuma na hupozwa kwa hewa, hivyo hakuna rejeta wala maji. Imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne tu. Ukiwa na jeki imara na mwenzako wa kukusaidia, unaishusha chini. Bodi nayo imefungwa kwa bolti juu ya sakafu, na inaweza kuinuliwa yote kando.

Sasa tutazame hasara. Ya kwanza ni kutu. Betri ya Beetle hukaa chini ya kiti cha nyuma. Asidi ikivuja na unyevu ukiingia, sakafu iliyo chini yake huliwa polepole, na mwenye gari haoni kitu. Fundi wa jua kali tuliyemwita aligonga mara mbili kwa nyundo, ikapenya. "Mzee, hii gari imekwisha chini. Huku juu ni rangi tu," akasema. Ilibidi sakafu ya upande mmoja ikatwe yote na kuchomelewa bati jipya. Kazi tuliyodhani ni ya wiki mbili ilichukua miezi saba, kwa sababu msimu wa mvua ulitukuta tukiwa hatuna paa la kufanyia kazi.

Hasara ya pili ni spea. Pistoni za injini ya 1300 zina upana wa milimita 77, na za 1600 ni milimita 85.5. Ukizitazama kwa macho dukani, zote ni pistoni. Baba alisafiri hadi Nairobi akaeleza aina ya gari lake, muuzaji akamwambia, "Hizi ndizo zenyewe, mzee. Chukua uende." Kumbe zilikuwa za 1600. Aliporudi alionyeshwa kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda dukani bila kipimo na bila spea ya zamani mkononi.

Ya tatu ni fedha. Sitawaficha: tulizotumia zingenunua pikipiki mpya, na chenji ingebaki. Kuna miezi gari lilifunikwa turubai kwa sababu hatukuwa na kitu mfukoni, na majirani wakatucheka.

Je, faida ni zipi? Mosi, ni elimu. Katika darasa la fizikia tunasoma joto na msuguano, lakini mimi nimeviona kwa macho. Mathalani, mkanda mmoja huzungusha jenereta pamoja na feni ya kupozea injini. Ukikatika, taa nyekundu ya chaji huwaka, na dereva asiposimama mara moja injini huungua. Mkanda huo hukazwa kwa kupunguza washa zilizo katikati ya vipande viwili vya puli. Nafasi ya vali nayo hupimwa injini ikiwa baridi, nayo ni milimita 0.15. Fundi anayekupimia injini ikiwa moto anakudanganya.

Pili, na hili ndilo kubwa, ni kakangu. Alipokuwa amekaa nyumbani bila la kufanya, alianza kwa kumshikia yule fundi taa. Baadaye akashika nyundo, kisha akafundishwa kuchomelea. Mwaka wa pili alifanya mtihani wa ufundi wa NITA, Gredi ya Tatu, akapita. Leo yuko gereji mjini na anajilipia karo mwenyewe. Mama bado anasema kwamba hesabu ya shilingi haikutimia, na ni kweli haikutimia. Lakini Jumapili hukaa kiti cha mbele.

Basi wenzangu, mkipata gari kuukuu, angalieni kwanza logibuku. Likiwa la marehemu, sharti mirathi ipitie kortini kabla ya jina kubadilishwa, la sivyo mtafufua mali isiyo yenu. Pili, pigeni sakafu kwa nyundo kabla ya kusifu rangi. Tatu, ulizeni nani nyumbani atajifunza kazi hiyo. Ikiwa hakuna, na shabaha ni faida ya pesa tu, afadhali liuzwe kwa kilo. Ikiwa yupo, mpeni spana, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.