WAJIBU WA MWENYE CHOMBO

Watu wengi hudhani kwamba chombo kikizama, wa kuulizwa ni nahodha peke yake. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi gatini. Lakini sheria haisemi hivyo. Mwenye chombo ana wajibu wake, hata ikiwa yeye yuko nyumbani na chombo kiko safarini.

Kwanza, yampasa kukiandikisha chombo chake. Pili, kikaguliwe, kipate hati inayotaja idadi ya abiria kinaoruhusiwa kuchukua. Tatu, kiwe na jaketi okozi za kumtosha kila mtu, pamoja na vifaa vya kuzimia moto. Nne, aajiri nahodha na mabaharia wenye ujuzi. Huku Tanzania Bara kazi ya ukaguzi ni ya Shirika la Uwakala wa Meli, yaani TASAC.

Je, kwa nini mwenye chombo asiachiwe kukata shauri mwenyewe? Habari za Uingereza zatujibu. Huko Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, aliwatetea mabaharia waliokuwa wakifa katika meli zilizopakiwa kupita kiasi. Mwaka 1876 ikatungwa sheria kwamba meli ichorwe alama ubavuni, kuonyesha mwisho wa kupakia. Ila mwenye meli aliachiwa kuchagua mahali pa kuichora! Basi alama ile haikuwa na nguvu hadi sheria ya 1890 ilipomwondolea hiari hiyo.

Wala wajibu huu si wa matajiri tu. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa mali ya serikali, nacho kiliruhusiwa abiria 101. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Watu 228 walikufa, 41 wakaokolewa. Jumlisha, ndugu msomaji: ni watu 269.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wetu wenye mashua na mitumbwi, idadi iliyo katika hati waiandike ubavuni kwa rangi, kila abiria aione. Nauli ya mtu mmoja aliyezidi ni fedha kidogo sana. Nasi wanafunzi, tukiona idadi imetimia, tushuke tungoje safari nyingine, hata kama shule imekwisha kufunguliwa.